Kosher ndo nini hasa? Nilichokiona jikoni kwa Bibi

Kila nikipiga simu nyumbani Tanga lazima litoke lile swali, "hivi kwa hao Wayahudi unakula nini?", na mamdogo ndo kabisa, yeye anaamini kosher ni chakula kilichosomewa dua na rabi halafu kinafungwa kwenye maboksi na kuuzwa bei ya kuruka. Wengine wanasema aah, si halali ya Kiyahudi tu hiyo. Nimeshatuma sauti za WhatsApp za dakika sita sita na bado hawajanielewa, kwa hiyo leo nakaa naandika yote, manake hili jambo nimeliishi miaka minne sasa na sitaki lielezwe nusunusu.

Kazi yangu ni kutunza mzee. Bibi yangu huyu (namwita Bibi, na neno limeshakaa mpaka wajukuu zake nao wanamwita hivo) ana miaka 91, anaishi Borough Park, Brooklyn, mtaa ambao Ijumaa jioni king'ora kinalia kuwaambia watu Sabato inaingia. Wazazi wake walitoka Hungaria. Nyumba yake ni ya watu wa dini haswa, na mimi ni Muislamu, siku ya kwanza nilivoingia nilijiambia hapa sitapata shida, nguruwe hatuli wote, kuchinja tunachinja wote, sasa kuna kipya gani. Kuna vipya vingi sana.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiebrania ni kasher, wale wenye asili ya Ulaya mashariki ndo wanatamka kosher, na maana yake ni "inafaa", "iko sawa kwa matumizi yake". Sio neno la chakula peke yake. Gombo la Torati lililoandikwa kwa mkono linaweza kuwa kosher, na herufi moja ikikatika halifai mpaka lirekebishwe. Shahidi wa ndoa naye anaweza kuwa kosher au asiwe. Kwa hiyo mamdogo, hakuna dua inayogeuza chakula kikawa kosher. Rabi habariki nyama. Wayahudi wanasoma dua kabla ya kula, ndio, ila hiyo ni shukrani ya mlaji, haibadilishi kilichopo kwenye sahani. Chakula kinakuwa kosher kwa kuwa kimetoka kwenye kitu kinachofaa, kimeandaliwa inavyofaa, kwenye vyombo vinavyofaa, na kuna mtu aliyekuwa anaangalia. Hilo la kuangalia ndo nililochelewa kulielewa.

Siku ya kwanza Bibi alikaa kwenye kiti chake katikati ya jiko akanizungusha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Masinki mawili. Seti mbili za sufuria, mbili za sahani, mbili za vijiko, vitambaa vya kufutia viwili, hata sponji za kuoshea vyombo ni mbili. Nyekundu ni nyama, bluu ni maziwa, na kuna droo ya tatu ndogo yenye utepe wa kijani. Wao wanaita fleishig kwa vya nyama, milchig kwa vya maziwa, na parve kwa visivyo upande wowote, yaani mayai, samaki, mboga, matunda, nafaka. Akanishikisha kijiko akaniuliza hiki cha wapi, nikajibu, akanipa kingine. Nusu saa nzima. Nilipokosea hakunigombeza, alirudisha kijiko mezani akasubiri niseme tena.

Chanzo chake ni amri moja fupi, kutomtokosa mwanambuzi kwenye maziwa ya mama yake. Imetajwa mara tatu kwenye Torati, mbili kwenye kitabu cha Kutoka na moja kwenye Kumbukumbu la Torati, na wanazuoni wao wakasema Mungu harudii maneno bure, kwa hiyo mara ya kwanza ni usipike, ya pili usile, ya tatu usinufaike nacho hata kwa kukiuza. Kuku hakutajwa kabisa na kila mtu anajua kuku hana maziwa, ila aliingizwa baadaye na wanazuoni kama ukuta wa kuilinda ile sheria isivunjwe kwa kuzoea. Kutoka hapo unafika kwenye masinki mawili.

Halafu kuna kusubiri. Ukila nyama huwezi kugusa maziwa mpaka muda upite, na kwa akina Bibi ni masaa 6. Bibi siku hizi anasahau, kwa hiyo kuna karatasi imebandikwa kwenye friji na penseli imefungwa kwa uzi, akimaliza kula nyama anaandika mwenyewe, "nyama 1:20" (kwa saa zetu ni saa 7 na dakika 20 mchana), mkono unatetemeka lakini haniachii mimi niandike. Saa 10 jioni akitamani chai ya maziwa nampeleka mbele ya friji anasoma, anatikisa kichwa, tunarudi. Mkwe wake anatoka kwenye familia ya Wayahudi wa Ujerumani na wao wanasubiri masaa 3, na wale wa asili ya Uholanzi wako waliozoea saa 1 tu. Kwa hiyo meza moja, nyama moja, na kila mtu ana saa yake ya kurudi kwenye maziwa, na hakuna anayemwambia mwenzie wewe umekosea, kila mmoja anashika cha nyumbani kwao. Ukianza na maziwa kwenda nyama ni rahisi zaidi, unasukutua mdomo, unakula kitu kikavu kidogo, isipokuwa zile chizi ngumu zilizokaa sana.

Sasa jiko, hapa ndo nilipoumia mwanzoni. Bibi aliniambia unaweza kukata, kuosha, kuunga, kukoroga, lakini moto nawasha mimi. Nikafikiri ananiona sijui kutumia jiko. Baada ya wiki mbili nikamuuliza wazi, Bibi, kwani mimi nina nini? Akanieleza kwamba kuna sheria ya kale, chakula cha heshima, kile ambacho mtu angeweza kumwandalia mfalme na ambacho hakiliwi kibichi, lazima Myahudi awe na mkono kwenye upishi wake, na kwa desturi za kwao inatosha yeye kuwasha moto. Sababu yake hakunificha. Wazee waliogopa watu wakipikiana sana wataoana, na kabila lao ni dogo, limetawanyika. Divai ndo kali zaidi, iliyofunguliwa mimi simmiminii kabisa, labda iwe ile iliyopashwa moto kiwandani ambayo wanaiita mevushal. Nakiri nililala na hilo jambo siku kadhaa, halikunipendeza. Lakini nilipofikiria nikaona aliniambia ukweli usoni, hakunizungusha, na mimi pia nimelelewa kwenye nyumba yenye mipaka ambayo bibi yangu mzaa mama alikuwa haielezi, anasema tu "hatufanyi hivyo". Kwa hiyo kila siku asubuhi na jioni, ukiacha Sabato, namsogeza na kiti chake mpaka mbele ya jiko, anainua mkono, vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, anabonyeza na kuzungusha swichi mpaka moto ushike, ndo naanza kupika.

Na nimepika! Hii lazima niieleze. Mwaka wa pili nikiwa likizo Tanga nilimnunulia Bibi mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mti mgumu, nikaibeba kwenye sanduku mpaka Brooklyn. Alifurahi sana ila hakuitumia siku hiyo. Kumbe chombo kipya cha chuma au kioo kikiingia mikononi mwa Myahudi kutoka kwa asiyekuwa Myahudi kinazamishwa kwanza kwenye maji maalum, mikve, kuna dogo ya vyombo tu mtaani hapo, na mjukuu wake alikwenda nayo akaizamisha mbuzi mzima mzima kwenye maji, kiti na meno yake, akarudi inachuruzika. Nikamwambia Bibi kwa Kiswahili hiki kifaa kinaitwa mbuzi, alicheka mpaka machozi, akasema basi nyumba hii leo mbuzi ameruhusiwa kuingia kwenye maziwa.

Manake tui la nazi ni parve. Limetoka kwenye tunda, halina uhusiano na ng'ombe, kwa hiyo mchuzi wa nyama wa nazi unakubalika kabisa kwenye jiko la kosher, na kwa mtu ambaye miaka yake yote hajawahi kuonja nyama iliyopikwa kwenye kitu cheupe kizito chenye utamu ule, jamani. Nilipouweka mezani alinyanyuka nusu akasema ngoja, leta nazi. Nikasema imo kwenye mchuzi Bibi. Akasema hapana, lete kipande, kiweke hapa mezani kionekane. Akanieleza kwamba kwenye vitabu vyao vya sheria vya karne ya 16 wanazuoni walishazungumzia maziwa ya lozi, kwamba ukiyapikia nyama uweke na lozi zenyewe mezani, ili mgeni akiingia asidhani unakula nyama na maziwa, akakudhania vibaya au naye akaona kumbe inaruhusiwa. Sikuhizi wengi hawafanyi tena kwa sababu kila mtu anajua kuna krimu za mimea, lakini Bibi anafanya. Tangu siku hiyo kila nikipika cha nazi naacha kifuu na nyama yake kidogo pembeni ya bakuli.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sheria kama hiyo bila kitabu, usimpe jirani nafasi ya kukudhania.

Kuna siku nilikosea kweli. Nachemsha maziwa yake ya usiku kwenye kisufuria cha bluu, mkono ukaenda kwenye droo isiyo yake nikakoroga na kijiko cha nyama. Niliganda. Bibi alikuwa amelala, ningeweza kuosha kijiko nikarudisha na dunia ingeendelea, lakini ile ni amana, mtu kakuachia jiko lake. Nikamwamsha nikamwambia. Hakupaza sauti, alisema nipe simu. Rabi wao alipokea saa 3 usiku na akaanza kuuliza kama daktari. Maziwa yalikuwa ya moto kiasi gani, yanachemka au vuguvugu? Kijiko kilikuwa kisafi? Mara ya mwisho kimekutana na nyama ya moto lini, saa 24 zimepita? Nikahesabu, juzi mchana, jana tulikula samaki. Akasema basi maziwa yanyweke, kisufuria kiko salama, kijiko kikae pembeni siku nzima halafu kitokoswe kwenye maji yanayochemka. Kijiko kingekuwa kimegusa nyama ya moto leo leo, hesabu ingekuwa nyingine, wangeanza kupima je maziwa ni mara 60 ya kile kijiko au hayafiki, manake kwao kitu kilichodondokea kwa bahati mbaya kikiwa chini ya moja ya 60 kinahesabika kimepotea. Kwa chuma kuna njia ya kutokosa, chombo cha udongo hakina njia, kinavunjwa au kinatoka jikoni. Na kitunguu ni kesi yake peke yake, ni kikali, kikikatwa na kisu cha nyama kinabeba ile nyama, hakiendi tena kwenye chakula cha maziwa hata kisu kingekuwa kisafi namna gani.

Nilikaa nikafikiri sana usiku ule. Mtu mzima anapigiwa simu usiku kwa ajili ya kijiko, na anajibu kwa utulivu, kwa sababu kwao kijiko ni jambo.

Nyama sasa. Watu wengi ndo wanapoanzia hapa, mimi nimeiweka huku kwa makusudi manake nyama ni sehemu tu. Mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, vyote viwili. Torati kwenye Walawi 11 na Kumbukumbu 14 inawataja wale wenye alama moja tu, ngamia, pelele, sungura na nguruwe. Nguruwe kwato zake zimepasuka ila hacheui. Ngamia anacheua ila kwato hazijapasuka sawasawa, kwa hiyo ngamia ambaye sisi tunamla kwao hapana. Na mtashangaa, twiga kwa alama zake yuko sawa, swala yuko sawa, ila sio wa kupigwa risasi, lazima achinjwe.

Na mchinjaji wao, shochet, ni mtu aliyesomea. Kisu chake hakina ncha, kimenyooka kama rula, na kabla ya kuchinja anakipitisha makali kwenye kucha na kwenye nyama ya kidole taratibu kwenda na kurudi, akisikia hata kijikwaruzo kidogo kama unywele kisu kinarudi kunolewa. Akichinja hasiti, hakandamizi, hafichi kisu ndani, hatoki kwenye sehemu yake ya shingo, na koo halichaniki. Akimaliza anakagua kisu tena, na pengo likionekana mnyama yule amekwisha kuharibika kwao hata kama ulishamwona amekufa vizuri. Halafu wanafungua mapafu. Kama yana makovu na kushikana shikana anaweza kukataliwa, na yale laini kabisa ndo unasikia neno glatt, maana yake laini tu kwa lugha yao ya Yidishi. Aliyekuwa na jeraha la kumuua naye hafai, anaitwa treif, neno lililotoka kwenye mnyama aliyeraruliwa porini, na sasa wanalitumia kwa kila kisicho kosher.

Damu hawaigusi kabisa. Nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi ya mawe pande zote inaachwa saa nzima kwenye ubao ulioinama damu itiririke, inaoshwa mara tatu. Ile chumvi ya mabonge ambayo mnaona wapishi wa Marekani wanaiita chumvi ya kosher, jina limetokana na kazi hii, ya kuifanya nyama iwe kosher, sio kwamba chumvi zingine ni haramu. Maini yana damu nyingi mno, chumvi haitoshi, yanachomwa kwenye moto wazi. Sikuhizi bucha inafanya yote hayo, ila Bibi anakumbuka mama yake akifanya nyumbani, anasema mpaka leo akisikia maji yanadondoka kwenye beseni anamkumbuka.

Nyuma ya mnyama, paja na kiuno, huku Marekani hawali sana, kuna mshipa mkubwa unaopita pajani ambao hawaruhusiwi kwa sababu ya Yakobo kuteguliwa paja akishindana na malaika, na kuna mafuta fulani ya ndani, kuvitoa ni kazi ya fundi, kwa hiyo mara nyingi sehemu hiyo inauzwa kwa wasio Wayahudi.

Samaki nitapita haraka ila watu wa pwani tutaumia. Awe na mapezi na magamba. Basi. Changu sawa, tasi sawa, kolekole sawa, sato na sangara sawa, na sangara wa Ziwa Viktoria Waisraeli wanamla sana mpaka wamempa jina la binti mfalme wa Nile. Kamba, kaa, pweza, ngisi, chaza, papa, taa, kambare, wote nje. Nilipomtajia Bibi supu ya pweza ya Tanga aliziba masikio.

Wadudu ndo wanaokula muda wangu kuliko nyama. Mdudu unayemwona kwa jicho ni haramu kwao, kwa hiyo mboga za majani zinalowekwa kwenye maji ya chumvi au sabuni kidogo, zinasuuzwa, na jani moja moja linainuliwa mbele ya taa. Kuna vile vidudu vya kijani vya kwenye letasi, vimefanana na jani lenyewe, unaviona pale tu taa inapopita nyuma yake na kivuli kidogo chenye miguu kinabaki. Mchicha nilioupata kwenye duka la Wakaribea ulinichukua dakika 40. Na yai linapasuliwa kwenye glasi peke yake, sio moja kwa moja kwenye unga, ukiona doa la damu linamwagwa. Asali wanakula ingawa nyuki hafai, manake wanasema asali haitoki kwenye mwili wake, ameibeba tu.

Dukani mambo yanakuwa mepesi kwa sababu kuna watu wameshaangalia kwa niaba yako. Tafuta herufi U ndani ya duara, hiyo ni ya Orthodox Union, shirika la Kiyahudi linalokagua vyakula. Ikiwa na D pembeni kuna maziwa. Ikiwa na P msidhani ni parve kama nilivodhani mimi, hiyo ni ya Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu yenye sheria zake za chakula. Nyuma ya ile alama kuna mkaguzi anayeitwa mashgiach, na tafsiri yake ni mtu anayeangalia, ndo nikasema si hilo nililokuwa nalitafuta. Kisu kinaangaliwa, mapafu, jani, yai, moto, saa kwenye friji. Kosher nzima ni macho.

Kisa ninachokipenda ni cha Coca-Cola. Rabi Tobias Geffen aliyekuwa Atlanta, mji wa kampuni yenyewe, watu walimuuliza hii soda inafaa? Wakamwonyesha viungo kwa ahadi kwamba hatatoa siri. Akakuta gliserini ya mafuta ya ng'ombe, kiasi kidogo sana, chini kabisa ya moja ya 60. Mtu angesema si imepotea basi. Yeye akasema hapana, hesabu ya 60 ni ya bahati mbaya, hii mnaiweka kwa kukusudia. Wakabadilisha wakaweka ya mimea, na mwaka 1935 akaandika kwamba inafaa. Mpaka leo karibu na Pasaka New York utaziona chupa zenye vifuniko vya njano, hizo ni za sukari ya kawaida badala ya sharubati ya mahindi, kwa sababu wenye asili ya Ulaya mashariki hawagusi mahindi wakati wa Pasaka. Ndio, hata ugali. Mchele na maharage pia. Pasaka nzima ni mada ya siku nyingine, vyombo vinabadilishwa vyote na mikate yao ya matza inatakiwa iwe imeokwa ndani ya dakika 18 tangu unga uguse maji.

Sasa ile ya "halali ya Kiyahudi". Sisi Kurani imetuambia chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na Waislamu wengi huku wakikosa bucha ya halali wananunua kosher, mimi mwenyewe nimekula. Ila sio kitu kimoja. Divai kwao inaweza kuwa kosher, kwetu pombe ni pombe. Kamba kwetu watu wa pwani ni halali, kwao hapana. Na chukua biriani, nyama iwe imechinjwa na shochet mwenyewe, ukiilaza kwenye mtindi tu imetoka, pilau ukiikaanga na samli imetoka. Mchinjaji wetu anasema Bismillahi kwa kila mnyama, wao dua moja mwanzo wa kazi inatosha, na uzito wote uko kwenye kisu.

Na msidhani ni mambo ya Brooklyn tu. Uganda karibu na Mbale wapo Abayudaya, Wayahudi wa huko, kiongozi wao Semei Kakungulu aliwaingiza kwenye dini hii mwaka 1919, wakapita kipindi cha Idi Amin akiwa amewakataza, na wapo mpaka leo. Nilimwonyesha Bibi picha zao kwenye simu, aliishika simu muda mrefu.

Mwaka jana Bibi alianguka akavunjika nyonga, tukakaa hospitali wiki mbili. Kule chakula cha kosher kinakuja kimefungwa mara mbili, plastiki juu ya plastiki, na mihuri, ili hata kikipashwa kwenye oveni ya watu wote kisikutane na chochote. Alikuwa na maumivu, macho hayaoni vizuri, lakini kila trei ikija ananiambia lete karibu, anapapasa muhuri kwa kidole gumba kama yule mchinjaji na kisu chake, akiusikia uko mzima ndo ananiambia haya fungua. Siku moja muhuri ulikuwa umeachia upande. Alikula ndizi na mkate wa kwenye begi langu aliouleta mjukuu.

Tuliporudi nyumbani ilikuwa Jumatano jioni. Mwanae alikuwa ameshakuja akaniambia atawasha yeye jiko leo, mama apumzike. Nikamwangalia Bibi. Hakusema kitu, alikuwa anatazama jiko. Nikaachia breki ya kiti cha magurudumu nikamsogeza mpaka karibu, mwanae akasogea pembeni, Bibi akanyoosha mkono haukufika, nikainua kidogo kiwiko chake, akashika swichi akabonyeza, ikatoa cheche mara mbili tatu bila kushika, halafu moto ukashika. Nikaweka sufuria nyekundu juu yake na nikaenda kuvunja nazi.